Mali Bila Daftari: Orodha Yetu ya Kambi Iandikwe Upya

Wahenga walipolonga kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, bila shaka walikuwa wakifikiria maduka na mikopo. Hawakuwahi kuona wanafunzi thelathini na wanne wa shule ya kutwa wakifunga virago kwenda kupiga kambi. Laiti wangaliona, methali hiyo ingalikuwa ndefu zaidi.

Ndugu wasomaji, walimu wetu wapendwa, na nyinyi wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili mnaonivumilia kila Ijumaa katika midahalo, leo nimeshika kalamu kuzungumzia karatasi moja tu. Karatasi yenyewe iko kwenye ubao wa matangazo kando ya ofisi ya naibu wa mwalimu mkuu, upande wa kushoto, chini ya ratiba ya walimu wa zamu. Imepigwa kwa taipureta, wino umefifia, na pembe yake moja imetafunwa na mende. Kichwa chake ni "Vitu vya Kubeba Kambini". Kila mwaka likizo ya Agosti inapobisha hodi, katibu wa chama cha wanyamapori huitoa pale, huipeleka kunakiliwa, hutugawia kila mtu nakala yake, kisha huirudisha papo hapo ikangoje mwaka mwingine. Ina vitu ishirini na saba. Nimevihesabu.

Rai yangu ni kwamba karatasi hiyo ing'olewe, na nyingine iandikwe na wale wanaosafiri wenyewe, kabla hatujapanda gari Agosti hii. Sisemi kwamba orodha ni kitu kibaya. La hasha! Mimi ni mtu wa orodha hata nikitumwa dukani kununua vitu vitatu. Ninachokipinga ni kuifanya orodha kuwa kama hirizi, kwamba ukishaivaa shingoni basi hakuna baya litakalokupata.

Hebu nianze na wale wasioitaka orodha ya aina yoyote, maana hao ndio wenye kelele. Kuna wavulana fulani wa darasa letu (wanajijua) wanaodai kwamba orodha ni ya watu wasahaulifu. Ati babu zetu walivuka nyika na misitu bila karatasi wala kalamu, na walifika. Ni kweli walifika. Lakini je, hawakuwa na orodha? Wagabra na Warendille wa kaskazini mwa nchi yetu huhama na nyumba nzima mgongoni mwa ngamia: fito, mikeka, vyombo vya maziwa na vya maji. Kila kitu kina pahali pake, na anayepakia anajua kipi kinatangulia na kipi kinafuata kwa sababu amefanya kazi hiyo tangu utotoni. Hiyo ni orodha, ila imeandikwa mikononi badala ya karatasini. Sisi tunapiga kambi mara moja kwa mwaka, siku tatu tu. Mikono yetu haijajua lolote. Mtu anayefanya jambo mara moja kwa mwaka halafu anajigamba kwamba ana kichwa kizuri, huyo anajidanganya peupe.

Tena si wanafunzi peke yao wanaohitaji karatasi. Mwaka wa 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kuhakikishwa katika chumba cha upasuaji. Mambo yenyewe ukiyasoma utacheka: mgonjwa ni nani, anapasuliwa wapi, je, sindano na vitambaa vimehesabiwa kabla ya kumshona? Madaktari wamesoma miaka na mikaka, wanahitaji kuambiwa wahesabu vitambaa? Basi orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali za miji minane duniani, na mmoja wao ulikuwa Ifakara, hapa kwa jirani zetu Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa 2009 yalionyesha kwamba vifo miongoni mwa waliopasuliwa vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Karibu nusu! Na miongoni mwa yale mambo 19 kuna moja lililonivutia sana: kabla ya kisu kugusa ngozi, kila aliye chumbani hutaja jina lake na kazi yake. Kwa hivyo orodha hiyo ina watu ndani yake pamoja na vitu. Tafadhali likumbuke hilo, nitalirudia.

Sasa tuje kwa karatasi yetu. Agosti 2024 tulikwenda Longonot, mlima ule wa volkano unaouona ukiwa barabarani kabla ya kufika Naivasha, wenye urefu wa mita 2,776 na shimo kubwa kileleni lililojaa miti. Tulipiga kambi chini ya mlima ili tupande asubuhi yake. Kila mtu alikuwa amefuata nakala yake neno kwa neno, kama walivyosisitiza viranja.

Langoni tu mambo yakaenda mrama. Orodha yetu inasema, na ninainukuu, "chupa ya maji ya plastiki na mifuko miwili ya plastiki ya kuwekea nguo zisilowe". Aliyeiandika hakukosea wakati wake. Lakini mifuko ya plastiki ya kubebea vitu ilipigwa marufuku nchini Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, na kuanzia tarehe 5 Juni 2020 plastiki zote za kutumiwa mara moja, zikiwemo zile chupa za maji za dukani, haziruhusiwi katika mbuga za kitaifa. Askari wa wanyamapori walitushusha sote kwenye matatu, wakatupekua kwa heshima, na chupa karibu ishirini zikabaki langoni. Wenye chupa ngumu za shule na vibuyu ndio waliopita nazo. Tukawa tumekwenda kupanda mlima usio na mfereji wala chemchemi, na vyombo vya maji havitutoshi. Yaani orodha iliyopaswa kutuokoa ndiyo iliyotupokonya maji. Sheria imebadilika, wino haukubadilika.

Jioni tulipotaka kupika ndipo nilipoelewa kasoro ya pili, ambayo naiona kubwa kuliko ya kwanza. Nakala ya kila mtu iliandikwa "sufuria". Nakala ya kila mtu iliandikwa "chumvi". Sisi ni watoto watiifu. Zilitoka sufuria ishirini na tisa! Kulikuwa na sufuria za kupikia chai ya mtu mmoja, na moja kubwa ya matanga ambayo mwenzetu aliibeba kichwani kutoka kwao hadi shuleni. Chumvi tuliyokuwa nayo ingetosha kukausha samaki wote wa Ziwa Naivasha. Mwiko ulikuwa mmoja. Mafuta ya kupikia hayakuwemo kwenye orodha, kwa hivyo hayakuwemo kambini pia, na sukuma wiki tukaila ikiwa imechemshwa kwa maji na chumvi, chumvi tele. Utingo wa matatu aliyekuwa ametuona tukipakia alikuwa ameuliza kama tunakwenda kufungua hoteli. Wakati huo tulimwona mjeuri.

Kosa hapa si la mtu. Kosa ni la orodha isiyotofautisha kati ya kitu cha mtu na kitu cha kundi. Mswaki ni wa mtu. Sufuria ni ya kundi. Ukiziweka pamoja kwenye mstari mmoja mrefu, utapata miswaki sawasawa na masufuria ya kupita kiasi, na kile ambacho kila mmoja anadhani mwenzake atabeba hakitabebwa na yeyote.

Kuna jambo jingine ambalo waandishi wa gazeti hili huwa wanalikwepa, nami nitalitaja kwa ufupi bila haya. Orodha hiyo haina sodo. Wasichana tulikuwa kumi na tano. Inaelekea siku ilipoandikwa hakuna aliyewaza kwamba msichana angepanda mlima. Basi.

Lakini sababu hasa iliyonifanya nishike kalamu si sufuria wala chumvi. Ni haya mambo mawili ninayotaka kuyaeleza sasa.

La kwanza lilitokea mlimani. Njia ya Longonot ni ya vumbi jepesi la majivu ya volkano, na mkipanda wengi kwa mstari, wa nyuma huvuta vumbi la wa mbele. Mwenzetu mmoja ana ugonjwa wa pumu. Jambo hilo lilijulikana, na kwa kweli lilikuwa limeandikwa kwa kalamu chini kabisa ya orodha: "dawa za wenye magonjwa". Mwalimu mlezi aliuliza asubuhi kama dawa zipo, tukaitikia kwa sauti moja kwamba zipo. Zilikuwepo kweli. Pampu yake ya kuvutia dawa ilikuwa ndani ya begi, begi lilikuwa ndani ya hema, na hema lilikuwa chini ya mlima, ilhali mwenyewe alikuwa amekaa juu ya jiwe karibu na ukingo wa shimo, mabega yanapanda na kushuka, kifua kinalia kama filimbi iliyopasuka. Wavulana wawili waliteremka mbio, wengine tukambakisha akiwa ameketi wima, akiegemea magoti, tukampepea na kuwafukuza waliotaka kumzunguka. Walichukua zaidi ya nusu saa kwenda na kurudi. Sijawahi kuona muda mrefu kama huo. Alipovuta dawa, rangi ikamrudia polepole, na yuko nasi hadi leo, tena ndiye aliyeniruhusu niyaandike haya mradi nisitaje jina.

Angalieni hapo. Kitu kilikuwa kwenye orodha. Kilikuwa kimepigwa tiki. Kilikuwa kimebebwa kutoka nyumbani. Na bado kilikaribia kutukosesha mwenzetu, kwa sababu orodha ilisema "nini" peke yake, haikusema "wapi" wala "kwa nani". Tiki ile haikuwa na maana kuliko mchoro wa mtoto ukutani.

La pili lilitokea hapa shuleni hata kabla hatujaondoka, na wengi hawalijui. Majina yaliyoandikishwa kwanza yalikuwa thelathini na manane. Siku nakala zilipogawanywa, wanne walikwenda kwa katibu wakafuta majina yao. Ada walikuwa wamekwisha kuanza kulipa kidogo kidogo. Kilichowarudisha nyuma ni mstari wa tatu na wa nne wa ile karatasi: "mfuko wa kulalia" na "viatu vya kupandia mlima". Mmoja wao ni rafiki yangu, tunatembea pamoja kutoka shule hadi njia panda. Aliniambia, "Nikimwonyesha mama hii karatasi, atasema mlima haujahama, nitaupanda nikianza kazi." Akacheka, nami nikacheka, lakini hakikuwa kicheko.

Mnajua shule yetu. Wengine wetu twalala na wadogo zetu wawili chini ya blanketi moja. Blanketi hilo haliwezi kwenda kambini siku tatu, sembuse mfuko wa kulalia kununuliwa. Orodha ya namna hiyo imenakiliwa kutoka kitabu cha watu wa mbali, na methali inasema usisafirie nyota ya mwenzio. Kitabu hicho kiliandikwa kwa watu ambao wakikosa kitu huingia duka la vifaa vya kambi na kutoka nacho. Kwetu sisi, orodha iliyokusudiwa kuwatayarisha wanafunzi kwa safari imegeuka kuwa kizuizi barabarani.

Na ajabu ni kwamba kizuizi chenyewe hakikuwa na sababu. Hakuna anayehitaji mfuko wa kulalia. Anachohitaji mtu ni joto usiku. Hayo ni mambo mawili tofauti, na hapa ndipo ninapotaka wasomaji mnisikilize kwa makini.

Mwalimu wetu wa Historia alitusimulia kisa cha mateka watatu Waitaliano, Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, ambao Januari 1943, Vita vya Pili vya Dunia vikiendelea, walitoroka kutoka kambi ya wafungwa wa vita kule Nanyuki. Hawakutoroka kwenda kwao. Walitoroka ili wapande Mlima Kenya, kisha wakarudi wenyewe kambini wakajisalimisha! Kwa miezi mingi walijitayarisha kwa siri. Hawakuwa na duka. Walichokuwa nacho ni vyuma vikuukuu, nyundo, na kamba za katani za vitanda vyao. Walijiuliza: mlimani kwenye barafu twahitaji kitu cha kuuma barafu chini ya viatu, wakakitengeneza kwa vyuma vilivyotupwa. Twahitaji shoka la barafu, wakageuza nyundo. Twahitaji kamba, wakafumua vitanda. Ramani hawakuwa nayo. Walikuwa na picha ya mlima iliyobandikwa kwenye mkebe wa nyama. Barsotti aliugua akabaki kambini mlimani, lakini Benuzzi na Balletto walifika Lenana, mita 4,985, wakasimika bendera. Chakula kiliwapungukia vibaya wakati wa kurudi, hilo nalo halifichiki, na ni funzo kwa wanaosahau kuhesabu siku za kurudi.

Watu hao walikuwa na orodha ya kazi, si orodha ya vitu. Ndiyo ninayoitaka. Badala ya "mfuko wa kulalia", iandikwe "kitu cha kukutenga na baridi ya ardhi, na kitu cha kujifunika". Tuliolala Longonot tunajua kwamba baridi kali haitoki juu, inatoka chini. Ardhi hunyonya joto la mwili usiku kucha. Mwenye blanketi tatu juu yake na kitambaa chembamba chini yake hutetemeka, ilhali aliyetandika katoni bapa mbili na gunia juu yake akajifunika shuka la Kimaasai hukoroma. Katoni ni bure dukani ukiomba vizuri. Gunia kila nyumba lipo. Badala ya "viatu vya kupandia mlima", iandikwe "viatu vya kufunga kwa kamba, vyenye soli isiyoteleza, ambavyo umekwisha kuvivaa angalau wiki mbili". Raba za mitumba zatosha. Mmoja wetu alinunuliwa buti mpya kabisa kwa ajili ya safari hiyo, na ndiye pekee aliyeteremka mlima akichechemea kwa malengelenge. Badala ya "jaketi zito", iandikwe "nguo tatu nyepesi za kuvaliwa moja juu ya nyingine, moja iwe sweta ya sufi". Sufi ikilowa bado hukupa joto kidogo. Pamba ikilowa hukuibia hata ulilokuwa nalo.

Nilimwonyesha rafiki yangu yule mistari hii. Alisoma, akasema vyote viko kwao isipokuwa sweta, na sweta ninazo mbili.

Najua walimu wengine watapinga. Watasema, tukiruhusu kila mtoto kuleta anachodhani kinafaa, kuna atakayekuja na khanga ya nyanya yake akasema ni hema. Hoja hiyo ina uzito, na anayelaumiwa mtoto akipata nimonia si mtoto, ni mwalimu. Lakini dawa yake si kurudi kwa vitu vya bei ghali. Dawa yake ni ukaguzi. Siku mbili kabla ya safari, kila mmoja atandaze mzigo wake juu ya gunia pale uwanja wa kandanda, mwalimu mlezi na viranja wapite mstari kwa mstari. Hapa sisi wa shule za kutwa tunawapita wenzetu wa mabweni. Wao kilicho sandukuni ndicho hicho hicho. Sisi twarudi nyumbani kila jioni, kwa hivyo kinachopungua siku ya ukaguzi chaweza kuazimwa kwa shangazi au jirani kabla ya safari. Siku ya ukaguzi ndiyo pia siku ya kupima uzito. Twafundishwa kwamba mzigo wa mgongoni usizidi robo ya uzito wa mwili. Mimi nina kilo 48, kwa hivyo mwisho wangu ni kilo 12, na humo maji yamo. Mizani ya maabara ni ndogo, lakini ile ya duka la nafaka hapo nje mwenyewe hatukatazi, nimekwisha kumwuliza.

Maji ndiyo yanayohitaji hesabu kuliko yote. Lita moja ina uzito wa kilo moja, hakuna ujanja. Tukichukua lita 3 za kunywa kwa kila mtu kwa siku ya kupanda, watu 34 wanahitaji lita 102. Hiyo ni mitungi mitano ya lita 20 na lita mbili juu, na hapo hatujapika wala kunawa. Mitungi mitano haiji kambini kwa kuandikwa "maji" kwenye karatasi. Inakuja kwa sababu kuna watu watano ambao majina yao yameandikwa mbele yake.

Kwa hivyo orodha ninayopendekeza ina safu tano: kazi, kitu, kiasi, nani, na wapi. Mfano: kazi ni kuwasha moto; kitu ni kiberiti; kiasi ni vitatu, kila kimoja ndani ya mkebe wenye kifuniko; nani, ni watu watatu tofauti; wapi, ni mfuko wa juu wa begi. Kwa nini watu tofauti? Kwa sababu begi moja likilowa, mawili yamebaki. Dawa za mwenye ugonjwa: mwenyewe anazo mfukoni, wala si begini, na pampu ya pili anayo mwalimu anayetembea nyuma kabisa. Chumvi na sukari viwepo hata kama chakula kingine kitasahauliwa, kwa sababu mtu akiendesha, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi ndani ya lita moja ya maji safi humrudishia nguvu hadi afikishwe hospitali. Unga twakadiria pakiti ya kilo 2 kwa vijana sita wenye njaa. Wavulana wa timu ya raga wahesabiwe kivyao.

Orodha hiyo ikaguliwe mara mbili, wakati wa kwenda na wakati wa kuvunja kambi. Hili la kuvunja kambi hatulifanyi kabisa. Tulirudi kutoka Longonot tukiwa na sufuria ishirini na sita, na hadi leo kuna mama wawili mtaani kwetu wanaoniuliza ninapopita mlangoni kwao. Sufuria tatu pengine zimekuwa nyumba za nyani. Kisha, siku moja baada ya kurudi, kabla hatujasahau, tukae nusu saa tufute kile ambacho hakikutumika na tuongeze tulichokosa. Zile tochi nne za mtu mmoja zifutwe. Karata ziachwe, maana bila karata jioni ya pili ingalikuwa ndefu sana. Mafuta ya kupikia yaandikwe kwa herufi kubwa. Tarehe iandikwe juu, na karatasi ya mwaka uliopita ichanwe mbele ya mashahidi ili asije mtu akaibandika tena.

Rasimu nimekwisha kuiandika kwa mkono, kurasa mbili za daftari, nikisaidiwa na rafiki yangu yule aliyefuta jina mwaka wa 2024. Safari hii jina lake ni la kwanza, na ndiye atakayebeba mwiko wa pili. Iko kwa katibu wa chama cha wanyamapori, kila mtu anaruhusiwa kuisoma na kuikosoa wakati wa chamcha. Safu ya "nani" karibu imejaa. Mitungi mitatu ya kwanza imepata wenyewe. Mbele ya mtungi wa nne na wa tano bado hakuna jina, na wale wavulana wasiohitaji orodha wana mabega mapana.